Papi za madirisha zilizopauka: kazi iko kwenye msasa, si kwenye kopo

Pitisha kidole kwenye ule upapi mweusi unaokaa chini ya kioo cha mlango wa gari, kisha kitazame. Kikitoka na unga wa kijivu, rangi ya upapi imekwisha. Jua limekula kile kinachoshikilia weusi, na kilichobaki juu ni vumbi la rangi yenyewe. Ukipuliza rangi mpya hapo, itashika vumbi, haitashika upapi, na haitakawia kubanduka vipande vipande.

Gari nyingi za Unguja na Pemba zimekuja zikiwa zimeshatumika Japani, tena kwa miaka. Hapa zinakutana na jua la karibu na ikweta na upepo wa bahari. Chumvi ndiyo inayoudhi zaidi, kwa sababu haionekani: hujificha kwenye mfereji mwembamba kati ya upapi na bati la mlango, usiku huvuta unyevu, na kutu huanzia huko chini.

Kabla ya kununua chochote, chukua sumaku. Isiposhika, na upapi ni mgumu wa baridi, hiyo ni alumini. Ikishika, ni chuma. Na kama uso wake unabonyea kidogo kwa ukucha, ni chuma kilichovikwa plastiki. Huo wa mwisho uangalie sana. Ukiona umevimba malengelenge, kutu iko ndani na inasukuma plastiki kutoka chini, kwa hiyo rangi ya juu haitaizuia. Tafuta upapi mwingine, hata uliotumika, mradi uwe mzima. Plastiki tupu yenye vipele, kama ile ya chini ya kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma, usiipulizie rangi ya kawaida. Inatosha kuiosha vizuri na kuipaka dawa ya kurudisha weusi wa plastiki.

Kuzing'oa au kuziacha mahali pake? Ushauri wangu ni kuziacha, ila pale kutu inapohitaji kufikiwa. Vibanio vya zamani vimekauka na huvunjika, na upapi wa alumini ukipinda wakati wa kuutoa haunyooki tena sawasawa. Ukilazimika, teremsha kioo, tazama ubavuni mwa mlango kama kuna skrubu, kisha inua kidogo kidogo kwa kifaa cha plastiki kilichofungwa kitambaa, ukihama kibanio hadi kibanio. Usivute upande mmoja.

Osha kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, uingie kwenye mfereji, kisha suuza kwa maji baridi mengi. Halafu futa kwa spiriti, ukibadilisha kitambaa kila mlango. Hatua hii wengi huiruka, na kuiruka ndiko kunakoharibu kazi. Papi nyingi zimepakwa mafuta ya kung'arisha matairi ili zionekane nyeusi, na yale mafuta yana silikoni. Silikoni ikibaki, rangi hukimbia na kuacha vishimo vya duara vidogo vidogo, na dawa ya vishimo hivyo ni kukwangua na kuanza upya. Usitumie thina kwenye kilichovikwa plastiki. Huilainisha ikawa kama ubani wa kutafuna.

Piga msasa wa maji namba 320 mpaka unga wote uishe, kisha 600. Penye kutu anza na brashi ya waya na namba 180, ufike kwenye chuma kinachong'aa. Suuza tena, na hapa mwaga maji utazame: yakitandaa kama karatasi moja, uso ni safi. Yakijikusanya matone, mafuta bado yapo, rudi kwenye spiriti.

Funika kwa tepu ya karatasi, kisha nailoni ubavu mzima wa gari, paa na vioo. Gazeti peke yake hupitisha rangi. Ule mpira mwembamba unaofuta kioo uuzibe kabisa: ukipata rangi hupasuka kioo kinapopanda na kushuka, na chembe zake hukwaruza kioo. Kwenye ukingo unaolalia bati, ingiza uzi mnene wa nailoni chini yake uuinue kidogo, rangi ipite chini ya ukingo. Bila hivyo mstari wa tepu ndio utakaoanza kubanduka.

Kopo moja la praima, yaani rangi ya chini inayotangulia ili nyeusi ishike, na moja la rangi nyeusi ya mng'ao hafifu, mililita 400 kila moja, yanatosha milango minne ya gari dogo. Ile inayong'aa sana haifai, huonyesha kila mkwaruzo. Alumini iliyobaki tupu inahitaji praima yenye tindikali, vinginevyo rangi haina pa kuuma.

Puliza asubuhi, saa mbili hadi saa nne, umande ukishakauka na bati halijachoma mkono. Bati likiwa la moto, rangi hukauka hewani na kutua kama mchanga. Siku ya unyevu mwingi, rangi hutoka na ukungu mweupe, kwa hiyo masika ahirisha. Kusi likivuma tafuta ukuta wa kukinga, wala usiende chini ya mwembe. Utomvu na wadudu hawangoji rangi ikauke. Vaa barakoa.

Shika kopo sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye upapi, mkono uanze kwenda kabla hujabonyeza. Mkono wa kwanza wa rangi, yaani tabaka la kwanza, uwe ukungu tu, usiofunika. Ngoja dakika 10 hadi 15, kisha mikono miwili mingine myembamba. Soma muda ulioandikwa kwenye kopo: baadhi ya rangi ukizirudia baada ya saa kadhaa hujikunja, na inabidi ungoje siku mbili.

Tepu itoe dakika 15 baada ya mkono wa mwisho, ukiirudisha nyuma kimshazari. Ikikauka nayo, itaondoka na ukingo. Kioo usikiteremshe kwa saa 24, na gari usilisugue kwa wiki moja. Baada ya hapo suuza papi kila wiki kwa maji baridi. Ukiwa karibu na pwani, onja kwanza maji ya kisima chako. Kama yana munyu, unairudisha chumvi ile ile uliyokwisha kuitoa.