Pancha moja kutoka Montpellier hadi Béziers

Fundi wangu wa baiskeli hapa Majengo ndiye aliyeniuliza swali la maana kuliko wote tangu nirudi. Wengine wanauliza nyama kule ni bei gani, na kama nimeonana na mchezaji yeyote. Yeye, mkono mmoja ukiwa bado ndani ya beseni la maji, aliuliza tu: "Siku tatu kando ya bahari, umepata pancha ngapi?"

Moja. Nitaifikia.

Nilikuwa Montpellier, kusini mwa Ufaransa, mwezi wa kumi, kwenye semina ya zabibu. Miaka kumi na miwili nyuma nilikaa mji ule ule nikisoma kozi fupi ya kilimo hicho, na wenzangu wa darasani wawili bado wako pwani ya huko: dada mmoja Mualjeria yuko Sète, na jamaa mmoja, mtoto wa wakulima wa mizabibu tangu babu, yuko nje kidogo ya Béziers. Semina ilipoisha nilibakiwa na siku kadhaa kabla ya ndege. Treni ingenifikisha Béziers chini ya saa moja. Lakini mwenyeji wangu alikuwa na baiskeli inayopata kutu bandani, na mimi nimekulia Hombolo, Dodoma, ambako baiskeli imebeba maji, kreti za zabibu, na siku moja jeneza. Nikaiomba.

Njia inafuata mto Lez hadi Palavas, halafu unapinda kulia na pwani. Nilitarajia mawimbi na miamba kama kwenye picha. Wapi! Ni tambarare tupu: kushoto bahari ya Mediterania, kulia mabwawa ya maji chumvi, katikati kijia na wewe. Kwenye mabwawa wamesimama heroe kwa mamia, wa rangi ya waridi, vichwa vimezama majini. Nimezaliwa nchi yenye Ziwa Natron, ila heroe wa kwanza niliowakaribia nimewaona Ufaransa. Aibu yangu.

Halafu upepo. Sisi watu wa Dodoma tunajidai tunaujua upepo. Wa kwetu unakupiga vumbi la macho, unazungusha mifuko ya plastiki, unapita. Ule wanaouita tramontane unatoka kaskazini magharibi, mkavu, wa baridi, anga likiwa jeupe halina hata wingu la kusingizia, na haupiti. Unakaa. Kuna mahali kijia kinashuka daraja na nilikuwa nakanyaga pedali kwa nguvu zote ili nishuke. Mzee mmoja anayetembeza mbwa alinipita.

Sète niliingia jioni, suruali imeganda chumvi. Dada yule alifungua mlango, akanitazama juu hadi chini, akasema, "Kaoge kwanza, salamu baadaye." Ningefika kwa gari angenipa kiti cha sebuleni na juisi. Alinipa taulo, kandambili za mumewe, kisha tielle, mkate wa duara uliojazwa pweza na rojo la nyanya, ambao kwa maoni yangu ungeuzika Forodhani, Zanzibar, bila tangazo. Nilimpa ubuyu niliobeba. Wanawe walimung'unya, wakatema mbegu, wakaomba tena.

Asubuhi yake ndipo niliposimama muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kati ya Sète na Marseillan kuna ukanda mwembamba wa mchanga, bahari upande mmoja na bwawa la Thau upande wa pili, na kwenye mchanga huo kumepandwa mizabibu. Mchanga wa ufukweni kabisa! Sababu yake ni mdudu. Miaka ya 1860 filoksera, mdudu mdogo anayenyonya mizizi, aliingia kutoka Marekani akaanza kumaliza mashamba ya Ufaransa. Dawa iliyokuja kushinda ni kubebesha mizabibu yao kwenye mashina ya Kimarekani yanayomvumilia. Ila kwenye mchanga mdudu huyo haishi. Ndiyo maana mwaka 1949 watafiti wa Ufaransa walihamishia hapo mkusanyiko wao wa mizabibu, aina zaidi ya elfu mbili, mingine ikisimama kwa mizizi yake yenyewe. Nilichota mchanga mkononi kama mjinga. Ni kama wa mto Kinyasungwe ukikauka.

Baada ya Agde unashika Canal du Midi, mfereji wa kilomita 240 uliokamilika 1681, maji yametulia na njia iko kando yake. Hapo ndipo, psss. Nikashuka, nikapapasa tairi kwa kidole: mbigili. Ile ile ya kwetu, pembe mbili juu! Nikageuza baiskeli miguu juu, nikatoa tyubu, nikaizamisha kwenye mfereji wa mfalme Louis wa 14 kutafuta mapovu. Viraka vilikuwepo kwenye kimkoba, gundi imekauka kama jiwe. Na kule hakuna fundi chini ya mti. Nilikaa karibu saa nzima hadi mama mmoja, rika la mama yangu, aliposimamisha yake, akatoa kiraka cha kujibandika chenyewe, akanipulizia na pampu yake. Alikataa hata ubuyu.

Jamaa yangu alikuwa getini. "Bukweni!" Alikuwa akijaribu mbukwenyi, salamu ya Kigogo niliyomfundisha. Kabla sijanywa maji akanipeleka shambani. Ilibaki mistari michache. Kwingine kote ardhi tupu, na pembeni rundo la visiki refu kunishinda. Wafaransa wenyewe wamepunguza kunywa mvinyo, akasema, na serikali inamlipa mkulima kwa kila hekta anayong'oa. Ile ya babu aliing'oa mwenyewe na trekta, hakutaka kuajiri mtu.

Usiku tulichoma nyama ya kondoo kwa visiki hivyo hivyo. Vina moto mzuri, mtulivu, moshi wa utamu kidogo.

"Kwenu bado mnavuna mara mbili kwa mwaka?"

"Bado. Mwezi wa pili na wa tatu, halafu wa nane na wa tisa."

"Na bei?"

Nikamweleza ukweli: kuna msimu mnunuzi haonekani, tunazipanga ndoo kando ya barabara tunangoja mabasi. Akacheka mpaka akakohoa, akaongeza kisiki.

"Hata hivyo nitafutie robo eka."

Nilidhani ni mvinyo unaongea. Juzi ameniandikia anauliza tunapogoa lini tena. Nimemjibu, mvua zikikatika, na aje na viraka vyake.