Siku moja maishani mwangu: askari wa msitu, upande wa kambi

Nikimwambia mtu nafanya kazi msituni kwenye maeneo ya kambi, anadhani nalipwa kupunga upepo. Akija yeye mwenyewe kupiga kambi, anadhani nalipwa kumkataza. Nimeona niandike siku moja tu, Jumamosi iliyopita, vile ilivyokwenda, ili mtu ajionee.

Saa 11 alfajiri niko macho. Nawasha redio, naripoti, nakagua matangi, nafungua geti, nasafisha vyoo. Ndio, vyoo nasafisha mwenyewe kama mwenzangu wa zamu hajafika na sioni aibu yoyote, maana choo kikiwa kichafu watu wanaingia vichakani, na wakishaingia vichakani muda si mrefu uchafu uko kwenye kijito ambacho watu wengine huko chini wanachota.

Saa 1 asubuhi napita kambi zote za namba. Kwa asiyejua, kuna namna mbili za kulala msituni. Kuna hizi za namba, ardhi imesawazishwa, kuna meza, bomba, choo, na duara la mawe la kuwashia moto. Halafu kuna kambi ya porini, unabeba kila kitu mgongoni, hakuna choo hakuna bomba, kinyesi unakichimbia shimo la sentimita 15 mpaka 20 mbali na maji na njia, na taka zako zote unarudi nazo. Hii ya pili inahitaji kibali, uandike unapita njia gani na unarudi siku gani. Watu wananuna sana kwenye hicho kibali. Lakini usiporudi siku uliyoandika, ile karatasi ndiyo inayoniambia nikutafute upande gani, bila hiyo naanza na msitu mzima.

Nikipita kambini natazama juu kwanza ndio nitazame chini. Asubuhi hiyo nikakuta hema la mama mmoja na watoto wawili limekaa sawasawa chini ya tawi kavu, nene kama paja, limekatika nusu limening'inia tu. Nikamwambia mama samahani hapa hatulali. Akanyanyua macho, akaliona, hakusema neno, akashika kona ya hema na mimi nikashika nyingine tukalihamisha na vitu vikiwa ndani. Tawi la namna hiyo halisubiri upepo mkali, linadondoka hata usiku umetulia.

Saa 3 mpaka saa 6 getini, maswali ni yale yale. Naweza kulala kwenye gari? Unaweza, sehemu ya magari tu. Mbwa? Afungwe kamba. Spika? Saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni kimya. Kuni tumekuja nazo kutoka mbali, tuingie nazo? Hapana, na hapo naeleza kwamba chini ya magome kuna wadudu na magonjwa ya miti yanayosafiri kwa gari kama abiria, unashusha kuni hapa unashusha na wao. Na mti mkavu uliosimama haukatwi, tundu zake ni nyumba za ndege. Naeleza kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza, kwa sababu kwa yule anayeuliza ni mara ya kwanza kweli.

Saa 7 mchana nikashuka kufuata kijito, na hapo ndipo siku yangu ilipobadilika.

Nikakuta mahema matatu, watu watano, hatua kama kumi kutoka kwenye maji, na moto umewashwa kwenye majani makavu katikati ya mizizi ya mti mkubwa. Nikawatambua, hawa nimewaandika mimi mwenyewe asubuhi, kambi namba 7. Nikasalimia vizuri, habari za mchana jamani, wakaitikia vizuri. Nikauliza kulikoni, mmoja mwanaume, umri kama wangu hivi, akasema dada yangu kule juu kuna watoto wanapiga kelele, sisi tumekuja kupumzika. Nikamwambia nakuelewa kaka, naweza kukubadilishia namba, ila hapa hapana. Akasema, huu msitu si wa umma? Na mimi si ni umma?

Hilo swali linanichosha kuliko kubeba maji, nasema ukweli. Nikamwambia ndio ni wa umma, umma ni wewe na yule atakayekuja wiki ijayo na yule anayekunywa maji ya hiki kijito kule chini. Nikamweleza kwa nini tunasema mita 60 kutoka kwenye maji, kwamba jioni wanyama wanashuka kunywa na wakikuta mahema hawashuki, wanazunguka na kiu, na kwamba ukingo ukikanyagwa nyasi zikifa mvua inaubeba. Mwenzake mmoja alikuwa anaosha vyombo humo humo kijitoni, akasema sabuni hii imeandikwa inaoza yenyewe. Inaoza ndio, lakini inaozeshwa na vijidudu vya kwenye udongo. Ukiitia kwenye maji inakwenda na maji, inadhuru samaki na wadudu wa humo. Chota, peleka mbali, oshea huko, mwaga kwenye udongo.

Basi yule kaka akaja na Norwei. Amewahi kufika huko, analala popote, hakuna wa kumuuliza. Hii ya Norwei nimeshaletewa zaidi ya mara moja ndio maana niliwahi kuisoma, nikamwambia ni kweli, wana sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kutembea na kulala porini, lakini sheria hiyo hiyo inasema hema liwe mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa, na sehemu nyingi hukai zaidi ya siku mbili pale pale bila ruhusa ya mwenye ardhi. Na moto msituni au karibu na msitu wanaukataza kuanzia tarehe 15 Aprili mpaka 15 Septemba. Nikamwambia hata Marekani, kwenye misitu mingi ya taifa unaruhusiwa kulala nje ya kambi rasmi, lakini ukomo ni siku 14 hivi unahama, ili ardhi ipumue. Hakuna mahali uhuru huo umeachwa bila masharti kaka yangu, kila mahali kuna mtu kama mimi.

Akatoa simu akaanza kunirekodi. Anasema nataka watu waone mnavyosumbua wananchi. Nikasimama tu. Sikupandisha sauti, nilirudia yale yale kwa utaratibu ule ule, na moyoni nilikuwa naungua kwa sababu nimesimama tangu alfajiri na mtu ananionyesha kwa watu kama adui yake. Ikapita nusu saa nzima hivyo. Mwishowe mmoja wao, dada, akasema jamani tuhame, dada wa watu ana kazi zake. Wakafungasha. Wakamwaga chupa ya maji kwenye moto wakasukumia udongo juu, wakasema tumezima. Nikataka kushuka nihakikishe na hapo hapo redio ikaita, mzee mmoja ameteguka mguu njia ya juu, nikalazimika kukimbia.

Yule mzee ilichukua mchana wote. Tulimshusha polepole watu wanne kwa zamu, sitaki hata kuandika zaidi, mabega bado yananiuma.

Nilirudi kijitoni jua linazama. Nikanusa kabla sijaona. Pale walipofukia palikuwa pakavu pametulia, lakini hatua mbili pembeni moshi mwembamba unatoka ardhini, kama uzi. Udongo hauzimi moto. Udongo unalifunika kaa kama blanketi, linakaa na joto lake masaa, hata siku, na likikutana na mzizi mkavu linatembea nao chini kwa chini polepole mpaka mahali ambapo hakuna anayeangalia, halafu siku ya upepo linatokea juu.

Nikaanza kuchimba. Sepetu moja, dumu la lita 20, kijito kiko pale lakini ukingo unapanda, unachota unapanda unamwaga unakoroga unashuka. Maji yakigusa yanachemka yanalia. Dumu la tatu, la nne, nikafuata ule mzizi kwa sepetu kila ninapofunua ni kaa jekundu. Sikumbuki ilikuwa saa ngapi. Nikasikia hatua nyuma yangu, ni yule dada aliyesema wahame, amerudi kutafuta kisu chake alichosahau. Akasimama akaangalia lile shimo. Akaniuliza, huu ni moto wetu? Nikasema ndio. Hakuuliza kingine, akalichukua dumu mkononi mwangu akashuka nalo majini.

Tukasaidiana hivyo mpaka giza likaingia kabisa, yeye maji mimi sepetu, tochi nimeiweka juu ya jiwe. Nikamwonyesha jinsi ya kupima, unasogeza mgongo wa kiganja karibu na jivu kwanza, ukiona hakuna joto ndio unagusa, halafu unaingiza vidole kwenye ule uji wa jivu mpaka chini. Kama bado kuna joto hujamaliza. Mara ya kwanza kulikuwa na joto. Mara ya pili pia. Mara ya tatu akaingiza yeye vidole, akazunguka shimo lote, akafuata mzizi mpaka mwisho, akaniambia dada pamepoa. Nikapima na mimi. Palikuwa pamepoa.

Nikamsindikiza namba 7. Yule kaka alikuwa amekaa kwenye meza, akatuona tulivyo, matope na majivu mpaka kwenye viwiko, akasimama akasema pole. Nikasema asante, usiku mwema. Sikuwa na nguvu ya neno jingine.

Kituoni nikaandika kwenye daftari: moto kijitoni, umezimwa kwa madumu 14, mzizi umefukuliwa karibu mita mbili. Nikanawa mikono mara mbili na harufu ya moshi haikutoka. Nikatega alamu ya saa 10 alfajiri, nishuke nikaguse tena kabla ya vyoo.