Kumbe Beaulieu ni lakabu

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Montréal yupo bibi wa miaka 88, jina lake la ukoo Beaulieu. Chumba kinachofuata yupo mzee Hudon. Kila jioni ni ugomvi wa rimoti: bibi anataka tamthilia, mzee anataka hoki.

Mwaka jana mjukuu wa bibi alimlipia tovuti ya kutafuta nasaba. Macho ya bibi yamechoka, basi nikawa msomaji wake zamu yangu ikiisha. Mwanzoni kazi ilikuwa tamu. Watu hawa waliandika! Mapadri wa Quebec, jimbo hili la Canada lililokuwa koloni la Ufaransa, waliweka rejista za ubatizo, ndoa na mazishi tangu karne ya 17, na kwenye ndoa kwa kawaida walitaja wazazi wa pande zote mbili, mama kwa jina la kwao, si la mumewe. Ukipata ndoa moja, umeshika mkono wa kizazi kilichotangulia. Kinachochosha ni majina ya ubatizo. Wavulana karibu wote Joseph, wasichana Marie, na jina lenyewe la kuitana nyumbani linakuja mwishoni. Nilikuta nyumba moja ina akina Marie watano.

Halafu Beaulieu wakakatika. Baba yupo, babu haonekani popote. Wiki mbili tunazunguka palepale, hadi usiku mmoja nikaona kwenye ukurasa mmoja: Hudon dit Beaulieu. Hiyo "dit" maana yake "aitwaye". Nikacheka peke yangu.

Kumbe ni lakabu tu! Askari wa Ufaransa walipachikwa lakabu jeshini: Lafleur, yaani Ua, Sansoucy, Asiye na Wasiwasi. Mwaka 1665 kikosi cha Carignan-Salières kilileta askari wapatao 1,200, na waliobaki kulima wakabaki na lakabu zao. Wengine waliongeza jina la mahali, ili wasichanganywe na jirani. Wajukuu wakagawana, huyu kashika jina, yule kashika lakabu. Ndiyo maana Beaulieu wawili wanaweza wasihusiane hata kidogo. Na waliohamia Marekani kwenye viwanda vya nguo walivuruga zaidi: Boisvert akawa Greenwood, Roy akawa King.

Aliyekulia Tanga hashangai. Mtaani kwetu tulikuwa na mzee tukimwita Mkono wa Birika, na wengi wetu tulijua kuwa ni Abdallah siku ya msiba wake.

Mimi ni Rehema, baba Saidi, babu Mbwana, basi. Nilipofika, afisa dirishani aliuliza jina la ukoo. Nikamwambia sina. Akanitazama, akachukua la mwisho. Sasa babu yangu, mvuvi wa Pangani ambaye hata pasipoti hakuwahi kuishika, anaitwa kwa kipaza sauti kwenye foleni ya hospitali: "Madame Mbwana!" Kila mara naona aibu kidogo, kana kwamba nimemvalisha gauni. Afadhali hapa Quebec hakuna anayeniuliza mbona situmii jina la mume wangu. Tangu 1981 sheria yao inataka mke abaki na jina lake, kama sisi tu.

Tulipopanda hadi juu kabisa tukamkuta Pierre Hudon dit Beaulieu, aliyemwoa Marie Gobeil mwaka 1676. Bibi aliniambia nisome tena. Nikasoma. Akanyamaza, akaangalia ukuta, ule wa upande wa jirani yake.

"Hudon?"

"Hudon, bibi."

Akanitaka nimsukume kwenye kiti chake cha magurudumu hadi sebuleni. Mzee alikuwa anaangalia hoki. Bibi akamfuata moja kwa moja, akamnyang'anya rimoti, na kwa mara ya kwanza tangu niwajue akamwita "mon cousin", binamu yangu.