Kulungu niliyemwacha kwenye theluji

Wiki ya tatu sasa kipimajoto hakijapanda juu ya digrii 20 chini ya sifuri, na jana asubuhi kiligusa 31. Nilitoka kuchukua kuni tu hapo nje, pua ikajifunga, yaani vinywele vya puani vinaganda ukivuta hewa halafu vinaachia ukipumua nje, vinaganda tena, mpaka unaanza kucheka mwenyewe kama chizi. Kicheko chenyewe kifupi maana meno yanauma.

Gari ndo usiseme. Ni la dizeli, na dizeli kwenye baridi hii inaanza kutoa chembechembe za nta zinaziba filta, betri nayo inabaki na kama nusu ya nguvu zake wakati oili ya injini imeshakuwa nzito kama gundi, kwahiyo kila kitu kinadai nguvu zaidi siku ambayo nguvu hakuna. Nimeliacha lilale. Mifugo haiwezi kulala hivyohivyo, kila asubuhi na jioni natoka na shoka kuvunja barafu kwenye birika la maji zizini. Raha niliyoipata mwezi huu ni moja tu, kupasua kuni, gogo lililoganda mpaka ndani linaachana kwa pigo moja safi, unajiona una misuli kumbe baridi ndo imefanya kazi.

Haya, juzi nikaenda kuwinda. Msimu ulikuwa umebakiza siku tatu na sikuwa nimepata kitu.

Watu wanadhani kuwinda kwenye baridi kali ni kuvaa manguo mengi basi. Mimi natoka nyumbani nikiwa nasikia baridi kidogo makusudi, koti la nje liko mgongoni kwenye begi, kwasababu ukitoka jasho ukitembea halafu ukasimama kusubiri, lile jasho ndo linakuua. Bunduki haiingii ndani kabisa wiki zote hizi, inakaa stoo isiyo na moto, imefungiwa, bila risasi. Ukiiingiza kwenye joto inatoka unyevu kila mahali, ukiirudisha nje unyevu unakuwa barafu, siku ya siku unavuta kifyatulio hakuna kitu. Mafuta nayo nimeyafuta karibu yote, yanaganda. Na mdomo wa mtutu naubandika utepe theluji isiingie, hilo sio la mzaha, mtutu ukiziba unaweza kupasuka.

Theluji ya baridi hii inalia ukiikanyaga, kila hatua kriii kriii, chembe za barafu zinavunjika badala ya kuyeyuka chini ya buti, na mnyama anakusikia toka mbali. Kwahiyo unatembea hatua mbili unasimama. Lakini theluji hiyohiyo inakusomea kila kitu kilichotokea usiku. Nikapita nyayo za sungura, ambazo mwaka wangu wa kwanza nilizifuata karibu saa nzima kuelekea alikotoka, maana miguu ya nyuma inatua mbele ya ile ya mbele, hakuna aliyeniambia. Mzee jirani yangu ananikumbusha mpaka leo.

Nyayo za kulungu nikazikuta kwenye saa sita. Nikazigusa kwa kidole, theluji ya pembeni bado laini, kumbe mpya, unyayo wa zamani unakuwa umekakamaa. Nikafuata. Theluji ilikuwa inafika magotini kwangu na yeye tumbo lilikuwa linaburuza, unaona kabisa mfereji. Nikakuta alipolala mara ya kwanza, shimo la umbo la yai. Mbele kidogo la pili. La tatu lilikuwa halijapata hata barafu, ametoka muda huohuo, na hapo ndo nikaelewa kwamba ni mimi ninayemwamsha.

Nikamwona umbali wa kama mita 70, amesimama ubavu, ananiangalia. Theluji imekaa mgongoni kwake haiyeyuki, manyoya yao ya majira haya yana uwazi ndani, joto halitoki. Mifupa ya nyonga inaonekana. Wanaweza kupoteza hata sehemu moja ya tano ya uzito mpaka baridi iishe, wanaishi kwa vijiti vya miti na mafuta waliyoweka mwilini wakati wa majani, na ukimkimbiza kwenye theluji ya namna ile unamchomea akiba yake, hata usipompiga umemuua, tofauti ni kwamba atakufa mwezi ujao wewe haupo.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimhurumia. Ukweli ni kwamba nilivua glavu na kidole kilikuwa hakisikii kifyatulio, nikakiweka kwapani, nikakitoa, bado. Jua limeshashuka, na kumjeruhi mnyama jioni kwenye baridi ile halafu umtafute gizani ni ujinga ambao siutaki. Huruma ilikuja baadaye, nikiwa nimegeuka. Niligeuka polepole asiruke.

Mzee nilipomsimulia akasema nimezubaa, kwamba yule aliyekonda ndo wa kuchukua, haoni majani mapya huyo, bora angeingia kwenye chungu chako. Inawezekana kabisa. Nikamuuliza je nimpelekee mahindi pale msituni? Akanikemea kweli, tumbo la kulungu saa hizi limezoea vijiti, ukimpa nafaka ghafla linachacha anakufa ameshiba. Hilo nilikuwa nalijua, sijui kwanini niliuliza.

Msimu unafungwa kesho. Nina siku moja na risasi zote, ila bomba la zizini limeganda tena kwahiyo kesho yangu imeshapangwa.