Tiyo ya fren

Juzi kijana wangu aliniuliza, Papa, Fuso yetu haiko ya jeshi, juu ya nini unaichunguza hivi kila asubuhi? Nilikuwa chini ya gari navuta ile pete ya tangi ya hewa maji yatoke, na harufu ya yale maji yaliyochanganyika na mafuta ikanirudisha mwezi wa kumi na moja 2008, kule Goma, kambini kwa walinda amani.

Mnajua ile miezi ilikuwaka namna gani. Rutshuru imeshaanguka kwa waasi wa Nkunda, Kibati, kule juu ya mji wa Goma, imejaa waliokimbia, na mimi mkalimani kwa walinda amani, napanda nao lori nyeupe ya maji. Kila asubuhi kabla ya kutoka adjudan, yule mwanajeshi wa kuchunguza magari, alikuja na karatasi yake: mafuta ya motere, maji ya radiatere, mkanda, batri, mapine anayapapasa moja moja kwa mkono, juu mawe ya volkano yanakata pine pembeni na hutajua mpaka lipasuke. Filtre ya hewa ndiyo ilimsumbua zaidi, vumbi yetu ya Goma ni jiwe lililosagwa, ikiingia inakula motere. Mimi nasimama tu nangoja.

Ile siku akafika kwenye fren. Lori ikaachwa ingurume mpaka mshale wa hewa ya fren ukafika bar 8, akazima, akamwambia shofere akanyage fren na asiachie. Kimya. Halafu sote tukasikia, sss, ndogo sana, kama mtu anavuta chai ya moto. Mshale unashuka polepole. Akaomba maji ya sabuni kwenye kopo, akalala chini, akaanza kupaka tiyo za hewa kwa brashi, moja baada ya nyingine, hana haraka kabisa, na pale juu ya gurudumu la nyuma mapovu yakatoka, madogo, meupe, yanakua, yanapasuka, yanatoka tena. Tiyo ilikuwa inasuguana na chuma ya shasi. Akapitisha ukucha pale. Akasimama, akaandika, akasema lori haitoki.

Shofere alibisha. Mimi pia nilibisha, nikamwambia shefu, kule watu wako na mabido ya maji tangu usiku, watoto wanalala kwenye foleni, na kwenda Kibati ni kupanda tu. Akasema kupanda siyo shida, shida ni kurudi. Hapo nikanyamaza, maana ile barabara naijua, unateremka Munigi mpaka Majengo, chukudu, zile baiskeli za mbao, zimebeba makala mbele yako, wamama na mabeseni pembeni, kila ukikanyaga fren unatumia hewa, na kama inavuja pia, kompresere, ile pampu ya hewa, itaweza kuijaza?

Tiyo mpya ikatafutwa, ikafungwa, ikapimwa tena na sabuni. Tukafika Kibati mchana jua kali, foleni imeshavunjika, wengi wameondoka kutafuta maji penginepo.

Shemeji yangu alikuwa kwenye ile foleni, na mimba kubwa. Mpaka leo tukikaa pamoja inarudi. Ananiuliza, ile karatasi si ilikuwa na sehemu ya jioni, gari ikirudi? Ilikuwa nayo: kabla ya kutoka, njiani, na baada ya kurudi. Basi, anasema, tiyo haisuguani usiku gari imesimama, kuna mtu aliandika sawa jioni bila kulala chini. Namwambia tiyo inaweza kuliwa kidogo kidogo siku nyingi halafu itoboke siku moja tu. Anasema sawa, lakini kule kuliwa kidogo kidogo ndiko kulitakiwa kuonekana jioni. Hapo sina cha kumjibu. Ninaamini adjudan alifanya vizuri, ile lori ingeweza kuua watu Munigi, lakini watu hao hakuna anayeweza kunionyesha ni akina nani, na waliokosa maji siku ile ninawajua kwa majina.