Mkono wa kushoto na kengele ya Wawel

Juzi Kadogo kaniuliza swali nikakosa jibu. Bi Mkubwa yupo kwangu toka Pasaka, goti linamsumbua tena, sasa asubuhi anagawa chapati, Kadogo akanyoosha mkono wa kushoto kupokea, Bi Mkubwa akairudisha sahani nyuma. Hakusema neno wala hakukunja uso, katulia tu na sahani yake anaangalia dirishani mpaka mtoto akabadilisha mkono. Baadaye Kadogo kanifuata jikoni, "Mama, huu mkono umefanya nini?"

Nikamwambia mwanangu kamuulize bibi yako, nikaendelea kuosha vikombe. Ila akili ilishapanda zamani kilima cha Wawel, kwenye ngome ya wafalme wa Poland mjini Krakow, kwenye ule mnara wa kengele, na yule bibi wa Kipoland aliyenigombeza kwa lugha niliyokuwa naijua nusu.

Ule mwaka niliosoma Krakow nimeshausimulia sana, habari za hosteli na kuvaa kanga ndani ya suruali sababu ya baridi sirudii. Na wale wanaoniuliza kila siku kwa nini Poland, jibu ni lile lile, mtu ukikulia Usa River makaburi ya Wapoland pale Tengeru unayajua toka mdogo, wakimbizi wa vita walioletwa kuanzia 1942, kama elfu tano hivi, wengi akina mama na watoto. Kwa hiyo ile nchi mimi niliisikia kabla sijaisikia Ufaransa. Tangazo la masomo lilipotoka nikasema mbona hawa ni majirani zetu.

Sasa Wawel tulikuwa tunaipita chini kila siku, mimi na shoga yangu Atu, tukienda kununua viazi, wala hatuinui macho. Kasia ndo alikuja juu, akasema haiwezekani mtu akae Krakow miezi yote hiyo hajapanda kwa wafalme, ni aibu yake yeye mwenyeji. Basi Jumamosi moja tukapanda.

Njia yenyewe ya mawe, kilima si kirefu kihivyo, ila upepo unatoka mto Wisła unakukata masikio. Ukutani njia nzima kuna vitofali vimeandikwa majina ya watu. Kasia akaeleza kwamba ni wale waliotoa hela kuikarabati ngome baada ya nchi kupata uhuru wake 1918, ukichanga unaandikwa jina. Atu akacheka mpaka akasimama, "Kumbe na huku wanachangishana!" Akaanza kutafuta aliyeahidi hakutoa. Pale langoni kuna sanamu ya jenerali wao Kościuszko juu ya farasi, Wajerumani waliibomoa 1940 walipokuwa wameikalia nchi, na gavana wao Hans Frank akafanya ngome hiyo hiyo makao yake. Hii iliyopo sasa ilitoka Ujerumani yenyewe, Dresden, ikasimamishwa 1960. Kasia aliisimulia hiyo kwa sauti fulani ya chini, hatukuuliza zaidi.

Ndani uwanja una matao ghorofa juu ya ghorofa, mafundi waliitwa kutoka Italia enzi za Mfalme Zygmunt, miaka ya 1500. Kuna kona moja watu wanaegemea ukuta wamefumba macho, eti pale chini kuna jiwe lenye nguvu zinazoingia mwilini. Atu akasema damu ya Yesu, akavuka upande wa pili. Vyumba tuliingia vichache, hela ya mwanafunzi mnaijua, lakini kimoja sijakisahau, dari yake imejaa vichwa vya watu vilivyochongwa kwa mbao, vinakuangalia kutoka juu. Vilikuwa 194, vimebaki 30. Kimoja ni cha mwanamke aliyefungwa kitambaa mdomoni. Hadithi yao ni kwamba mfalme alikuwa anaamua kesi ya mama mmoja maskini, anataka kumwonea, kile kichwa kikapaza sauti kutoka darini, mfalme, hukumu kwa haki. Mama akapewa haki yake. Halafu wakaja wakakifunga mdomo kisije kikasema tena. Nilikiangalia mpaka shingo ikauma, Kasia anaita twende.

Kanisa kuu nalikimbiza. Mlangoni kuna mifupa mikubwa imening'inizwa kwa minyororo, ya wanyama wa kale, wanasema siku ikianguka ndo mwisho wa dunia, Atu akapita chini yake kwa mbio. Ndani wafalme wamelala kila upande, wa jiwe jekundu, wa jiwe jeupe, na kule chini mashairi na viongozi wao pia, namaanisha washairi, hata mimi nimechoka kuandika. Niliyesimama kwake ni Jadwiga. Alivishwa taji 1384 akiwa mtoto wa miaka kama kumi, akafa 1399 siku chache baada ya kichanga chake, hata thelathini hajafika. Vito vyake aliacha viuzwe vikifufue chuo kikuu kilichokuwa kimelala, chuo kikafufuka 1400, na ndo chuo hicho hicho nilichokuwa nasoma mimi. Kaburini walimzika na fimbo ya kifalme ya mbao. Ipo pale kwenye kioo, ukiiona utadhani mguu wa kiti. Nikasema asante mama, nikaondoka, maana sikujua kingine cha kumwambia mtu aliyenilipia ada miaka mia sita kabla.

Sasa mnara.

Ngazi za mbao, nyembamba, wanaopanda na wanaoshuka mnapishana kwa kujibana, magogo makubwa ya mwaloni yamepita huku na huku inabidi uiname, na katikati ya magogo unakutana na kengele ndogo ndogo, ndogo kwao, maana hata hizo ningeweza kujificha ndani. Harufu ya vumbi, mbao kuukuu na makoti yaliyolowa. Atu alibaki chini, magoti yalikuwa mazima, ila alishasikia kwamba kule juu watu wanagusa kitu wanaomba bahati, akasema yeye bahati yake inatoka kwingine. Nikapanda na Kasia.

Kengele inaitwa Zygmunt, kwa jina la mfalme aliyeiagiza. Ilitengenezwa 1520, ikapandishwa mwaka uliofuata, na pamoja na vyombo vyake vyote ni tani 12 na ushee. Kuipiga wanahitajika watu 12 wenye kamba, na haipigwi ovyo, ni sikukuu kubwa au jambo la taifa zima, kama alivyofariki Papa wao Yohane Paulo wa Pili. Unapoingia pale chumbani huioni yote kwa mara moja. Unaona shaba imejaa mbele yako, nyeusi nyeusi, picha za watakatifu zimechomoza ubavuni, halafu unasogea chini ya ukingo na hapo ndo unauona ulimi wake unaning'inia, chuma kinene kuliko paja langu, na mwishoni kule chini pamesuguliwa na mikono ya watu panang'aa.

Foleni ilikuwa inasogea vizuri. Anayefika anagusa, anafumba macho kidogo, anapigwa picha, anashuka. Kasia aligusa akashuka pembeni kunipisha. Alishaniambia kwamba inaguswa kwa mkono wa kushoto maana ndo ulio karibu na moyo, na kwamba msichana akigusa anaolewa upesi. Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini zamu yangu ilipofika, kitu kikubwa namna ile, cha kanisani, cha mfalme, cha mwaka 1520, nikanyoosha wa kulia. Hata sikufikiria. Wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa koti, na hapo ndo unapokaa nikiwa mbele ya wakubwa, naambiwa mpaka kwenye picha za harusi za ndugu zangu huo mkono hauonekani.

Maana mimi ni shoto, mnajua, au labda sijawahi kuandika hapa. Nilizaliwa hivyo. Nyumbani mama alikuwa anahamisha kijiko, akikikuta kushoto anakihamisha kulia, hachoki, hapigi kelele. Shuleni ilikuwa tofauti. Darasa la kwanza mwalimu alikuwa ananiambia "ukalie huo mkono," basi naukalia, kwenye benchi la mbao, kipindi kizima naandika a e i o u kwa mkono usiojua kitu na ule unaojua uko chini yangu umekufa ganzi. Kengele ya mapumziko ikilia nautoa umekuwa mweupe una alama za misumari ya benchi, natoka nje naukung'uta mpaka urudi. Alama za misumari zilikuwa zinanifurahisha, nilikuwa nawaonyesha wenzangu.

Basi nimenyoosha wa kulia, nyuma yangu nikasikia, "Nie, nie! Lewą! Lewą!" yaani hapana, wa kushoto. Nikageuka. Bibi mmoja mfupi, bereti ya sufi rangi ya damu ya mzee, ameshika mjukuu wa kike kwa mkono mmoja na ule mwingine, wa kushoto, ameuinua juu anautikisa mbele ya uso wangu. Akajipiga nao kifuani, akanionyesha kengele. Anagombeza kweli kweli, kama nimeingia na viatu vya tope sebuleni kwake. Nyuma yake foleni imesimama, wazee wa Kijerumani na kamera zao, wote wananiangalia. Nikasema tak, tak, nimeelewa, ila mkono haukutoka. Sijui nielezeje. Nilikuwa nimeelewa na nimekubali na mkono uko mfukoni.

Yule bibi akaona huyu mgeni hajui lugha. Akamwachia mjukuu, akasogea, akaingiza vidole vyake mfukoni mwangu na kunishika kifundo cha mkono, pale pale mwalimu alipokuwa anashikia. Vidole vyake vikavu, vya moto. Toka nizaliwe watu wazima walikuwa wanaushika ule mkono kuurudisha, huyu anaushika kuupeleka. Akaunyoosha mwenyewe mpaka kiganja kikagota kwenye chuma, na chuma kilikuwa na baridi ya ajabu, baridi inayong'ata, na pale kwenye kung'aa palikuwa laini na pana mafuta mafuta kidogo ya watu waliotangulia. Hakuniachia hapo hapo. Alibaki ameshika, anahesabu labda, au anasali, midomo inacheza. Mjukuu anacheka. Mimi nimesimama chini ya zile tani 12 nahisi vidole vyangu vinaanza kufa ganzi kwa baridi, ganzi ile ile.

"Dobrze," akasema, yaani vizuri, akaniachia.

Kuomba nilisahau. Eti niliombe nini, sikukumbuka hata kama nilitakiwa kuomba, nilitoka pale nimeukumbatia mkono kama uliungua, Kasia ananiuliza unalia au mafua, nikasema mafua. Na kusema ukweli yalikuwepo na mafua.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba ulimi wenyewe niliougusa si ule wa zamani. Wa zamani ulipasuka siku ya Krismasi mwaka 2000, wakaweka mpya 2001, huo ndo nimeshika. Yani wapenzi wote na mabinti wote waliougusa karne kwa karne, bahati zao zipo kwenye chuma kingine, huku juu wameanza upya.

Tulishuka kwa upande wa mtoni, kule kuna joka la shaba linalotema moto wa kweli, moto ukalipuka ghafla Atu akamwaga chai yake yote. Jioni nikampigia mama. Nikamsimulia kengele na yule bibi, nikategemea atashtuka au atacheka. Akakaa kimya kidogo akauliza, "Sasa hiyo kengele ulikuwa unaipa nini?" Nikasema siipi kitu mama, naigusa tu. "Haya, kugusa gusa. Mtu humpi."

Na hapo sikuwa na la kuongeza, mpaka leo. Ningependa kuwaambia kwamba toka siku ile nilirudi kuandika kwa kushoto, wapi. Naandika kwa kulia, mwandiko mnaujua wale niliowaandikia kadi. Viazi namenya kwa kushoto, na mtu nikikasirika naye ni kushoto kunakoinuka. Wageni wakija na mimi namnong'oneza Kadogo, mkono mwanangu, na anajua ni upi. Nikifikiri wakwe zetu, misiba, mtoto wa watu kunyoosha ule mkono mbele ya wazee na wao wasijue kwamba ni mtoto mzuri, namwelewa mama. Nikikumbuka vile vidole vya moto simwelewi. Inabadilika kulingana na siku.

Kuhusu kuolewa, nyie mnajua nimekaa miaka mingapi. Kasia aliyegusa kwa kushoto sawasawa, bila kusukumwa na mtu, bado hajaolewa na wala hataki. Atu aliyebaki chini anasoma Zaburi kwenye simu akaolewa mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule, harusi Tukuyu, mvua siku nzima, na akinipigia hata kama ni habari za mchele lazima aingizie, "Shoga, na ile kengele yenu ilisemaje?"