Kutoka Vienna hadi kwa Mshonaji wa Kraków

Kabla ya kwenda stesheni nilipitia Stumpergasse, katika wilaya ya sita ya Vienna. Kwa asiyejua anachotafuta, pale hapana cha kutazama: maghorofa, baiskeli zimefungwa kwenye nguzo, watu wanawahi kazini. Lakini vita vya 1914 vilipowakimbiza Wayahudi wa Galicia, jimbo la Austria wakati huo, hadi Vienna, mtaa huu ulikuwa na sinagogi, na rabi wake, Flesch, alihutubia wakati wa sikukuu ya Hanuka juu ya Yudithi, mjane aliyemuua jemadari Holofernes akauokoa mji wake. Upande wa wanawake alikaa mkimbizi mmoja, mshonaji wa nguo kutoka Kraków, mji ulio Poland leo, jina lake Sarah Schenirer. Alitoka pale akitamani wanawake wa kwao wangeyasikia maneno yale.

Mimi ni mwalimu. Kule Tanga nafundisha Maarifa ya Uislamu katika sekondari ya wasichana, na wakati huo nilikuwa Vienna kwa masomo. Habari za huyu mama, aliyekuja kuanzisha shule za dini za wasichana wa Kiyahudi, nilizikuta maktaba, nikasema lazima niifuate njia yake.

Treni ilipita Břeclav, ikapita Ostrava, nje mashamba na mabomba ya moshi, ndani mzee mmoja anakoroma tangu Vienna. Nilikuwa na muda wa kuwaza jambo moja lililonisumbua: ilikuwaje watu walioheshimu elimu kiasi kile wakawaacha mabinti zao bila ya mwalimu wa dini? Chini ya utawala wa Austria, watoto wa Galicia walilazimika kisheria kusoma shule. Wazazi wengi wacha Mungu waliwaficha wavulana wao katika heder, chuo chao cha Torati, wakawaachia wasichana waende shule za Kipolandi, maana wajibu wa kusoma Torati ulihesabiwa kuwa wa mwanamume. Basi binti alirudi nyumbani anajua mashairi ya Kipolandi kwa ghibu, na Kiebrania cha sala zake hakielewi. Kaka yake akifungua kitabu mezani, yeye alikuwa mgeni. Wengi waliondoka kwenye dini, na sioni ajabu.

Schenirer aliyaona haya akiwa na futi ya kupimia shingoni. Katika maandishi yake anashangaa: wateja wake wanavyosumbuka ili gauni liwakae sawasawa, je, roho zao nani anazishonea?

Kraków nilifikia Kazimierz, mtaa wa kale wa Wayahudi. Sinagogi la Remuh lipo Szeroka, na nyuma yake amezikwa Rabi Moses Isserles, aliyefariki 1572, ambaye fafanuzi zake za sheria bado zinaongoza Wayahudi wa Ashkenazi, wale wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki. Watalii walijaa hapo. Sikukaa sana. Nilitaka mtaa wa Katarzyna, ambako mshonaji alianzisha shule yake 1917 na wasichana wachache, ishirini na tano hivi. Kabla ya hapo kaka yake alikuwa amempeleka Marienbad kwa kiongozi wa Wahasidi wa Belz, kundi la Wayahudi washika dini sana, kuomba idhini. Mkuu yule hakutoa hotuba. Alimtakia baraka na mafanikio, basi. Kwa jamii ile, ilitosha kufunga midomo mingi.

Ilitosha, lakini hoja ilihitaji pia wanazuoni. Katika Talmud, mkusanyo wa sheria na mijadala ya marabi wa kale, kitabu cha Sota, Ben Azzai anasema baba anawajibika kumfundisha binti yake Torati, na Rabi Eliezer anapinga kwa maneno makali. Kwa karne nyingi kauli ya Eliezer ndiyo ilikuwa na nguvu. Kisha mwanazuoni mkubwa wa enzi hiyo, Chofetz Chaim, akaandika kwamba zamani kila mtu aliishi walipoishi baba zake, mila ikimfundisha. Sasa mila imelegea, basi mabinti wafundishwe Torati, Manabii na maadili ya wahenga. Mnaona ujanja wake? Jambo jipya kabisa likaingia kwa mlango wa kulinda la zamani. Nimewahi kusikia hoja ya namna hiyo kwetu, na mara nyingi ndiyo inayofungua darasa.

Jengo la chuo chake cha walimu lipo mtaa wa Stanisława namba 10, karibu na mto Vistula. Jiwe la msingi liliwekwa 1927. Humo walifunzwa wasichana ambao wengine hawajafika hata miaka ishirini, wakatumwa miji midogo kufungua shule za Bais Yaakov, yaani Nyumba ya Yakobo. Schenirer alifariki 1935, na kabla ya vita vya pili shule zilikuwa zimepita 200, zikiwa na makumi ya maelfu ya wanafunzi. Wengi wao Wanazi waliwaua. Mmoja wa wanafunzi wake, Vichna Kaplan, aliwahi kufika Brooklyn, New York, mwishoni mwa miaka ya 1930 akaanzisha upya huko.

Na ni wa kutoka New York niliowakuta mlangoni: wasichana wa sekondari, sketi ndefu, wanaongea wote kwa pamoja. Mwalimu wao aliponiuliza nimefuata nini hapo nikamwambia kazi yangu. "Basi karibu darasani, mwalimu mwenzangu," akanipa karatasi, tukasimama kando ya barabara.

Akanieleza ratiba yao: asubuhi masomo matakatifu, yaani Torati, Manabii, sheria, historia ya Wayahudi, sarufi ya Kiebrania; mchana hesabu, sayansi na mengine ya serikali. Siku ndefu. Nikamuuliza kuhusu Talmud yenyewe. "Sisi hapana," akasema bila ya kuona haya. Shule nyingine zimechagua tofauti. Maimonides ya Boston, iliyoanzishwa na Rabi Joseph Soloveitchik 1937, inawasomesha wasichana Talmud pamoja na wavulana. Mimi ningechagua ya Boston, nikamwambia. Akacheka, akasema hata kati ya wanafunzi wake wapo watakaoniunga mkono.

Somo la siku lilikuwa mabinti watano wa Selofehadi, waliomwendea Musa kudai urithi wa baba yao, katika Torati, kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Pembeni ya aya, kwa herufi nyembamba, maelezo ya Rashi, mfasiri wa Troyes aliyefariki 1105. Mwalimu hakueleza kitu. Aliuliza tu: "Rashi kaona tatizo gani?" Wakainama kwenye karatasi. Mmoja akasema: hapa majina yamepangwa Mala, Noa, Hogla, Milka, Tirsa, lakini sura ya 36 mpangilio umebadilika. Kwa nini? Rashi anajibu kwamba ni kuonyesha kuwa wote watano walikuwa sawa.

Nilidhani limekwisha. Msichana mwingine, mfupi, mwenye miwani, akafunua sura ya 36: huku Rashi huyohuyo anasema wamepangwa kwa umri, na kule kwingine kwa hekima. Kama mmoja ametangulia kwa hekima, usawa uko wapi?

Mwalimu akatazama saa. Basi lilikuwa linawasubiri kuwapeleka Płaszów, ambako Wanazi walijenga kambi juu ya makaburi ya Wayahudi, la Schenirer likiwemo. Leo lipo jiwe la kumkumbuka, na huko wangesoma Zaburi. Akanipa kiti cha mbele. Nyuma yetu mwenye miwani alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, karatasi mkononi, akiwakabili wenzake watatu waliosema usawa ni mbele ya Mungu tu. "Hiyo Rashi hakuisema," aliwajibu, "nionyesheni ilipoandikwa." Dereva akamwambia akae.